Bosi Anasema Nikapumzike Mwezi Mmoja Bila Mshahara

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 28, naishi Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nina mtoto wa miaka minne na sasa nina ujauzito mwingine. Kliniki wamenipa tarehe 14 Oktoba. Nafanya kazi mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nakaa kaunta, napokea hela na kuandika risiti. Huu ni mwaka wa tatu. Mkataba wa maandishi sina, tulikubaliana kwa mdomo Sh250,000 kwa mwezi, na mshahara hacheleweshi, sitaki kumsingizia.

Juzi nilimweleza bosi hali yangu. Akasema likizo ya uzazi yenye mshahara ni ya watumishi wa serikali, dukani hakuna kitu kama hicho. Atanipa mwezi mmoja nikapumzike, bila mshahara, na nikizidisha ataweka mtu mwingine.

Shangazi, ninaogopa kwa sababu haya yalishanikuta. Mtoto wangu wa kwanza nilimwacha ana wiki tano, nikarudi mgahawani nilikokuwa nafanya kazi. Hawakunifukuza wala kunilazimisha, ila nilikuwa silipwi na unga ulikwisha. Akabaki na bibi yake, akapewa maji, kisha uji wa lishe. Akaanza kuhara. Miezi mitano akalazwa. Kadi yake ya kliniki ninayo mpaka leo, ule mstari unapanda kidogo halafu unashuka, na nikiuona ninalia. Nilimkosea mwanangu?

Mume wangu ni saidia fundi, kazi yake leo ipo kesho haipo. Anasema nisimchokoze bosi. Mama mkwe anasema watoto wote wa hapa wamekuzwa kwa maji na uji na wamekua. Nifanye nini?

Mama Mtarajiwa, Zuzu

*

Marahaba, mwanangu. Na kwa kuwa barua hii inakwenda Zuzu, nakusalimu na kwa Kigogo: mbukwa.

Nianze na lenye haraka. Bosi wako amekosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mwajiriwa mwanamke wa Tanzania Bara siku 84 za likizo ya uzazi zenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Haibagui kama anakaa benki, anauza mabati au ni mfanyakazi wa ndani. Sharti la kuangalia ni muda: aliyemtumikia mwajiri kwa chini ya miezi sita bado hajaifikia haki hiyo. Wewe uko mwaka wa tatu.

Kukosa mkataba wa maandishi hakukuondolei kitu. Kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri. Asipotimiza wajibu huo, mkafika mbele ya sheria mkibishana mlikubaliana nini, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Hata hivyo tunza ulivyo navyo: ujumbe wa mshahara kwenye simu, risiti zenye mwandiko wako, meseji anazokutumia akikuagiza kazi.

Na ule mwezi mmoja anaokupa kama hisani una kasoro yake. Sheria hiyohiyo inakataza mama aliyejifungua kufanya kazi ndani ya wiki sita, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Mwajiri anayekutaka kaunta mwezi unapotimia ameshavunja sheria, hata kabla hatujafika kwenye habari ya hela.

Sasa kalenda. Mwajiri anatakiwa kupata taarifa yako angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kwako wewe hiyo ni tarehe 14 Julai. Barua yako imenifikia Juni ikiisha. Kwa hiyo hata kama bado unajadiliana na moyo wako na mumeo, andika barua hiyo kwanza. Kumtaarifu mwajiri si kumshtaki. Ni kuutunza mlango usifungwe.

Najua utakachoniuliza: si bora nichukue zile siku hata bila mshahara, mradi niwe na mtoto, niepuke ugomvi? Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndilo jambo kubwa nililo nalo la kukuambia. Kinachomlinda mtoto ni siku na mshahara vikiwa pamoja. Ukiviachanisha, siku zenyewe hazikai.

Mwaka 2016 jarida la PLoS Medicine lilichapisha utafiti wa Arijit Nandi na wenzake. Walichukua taarifa za watoto karibu 300,000 waliozaliwa katika nchi 20 za kipato cha chini na cha kati, kuanzia mwaka 2000 hadi 2008, wakalinganisha nchi zilizoongeza likizo ya uzazi yenye malipo na zile ambazo hazikuongeza. Kila mwezi mmoja wa likizo yenye malipo ulioongezwa uliambatana na kupungua kwa vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja kwa karibu asilimia 13. Na nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa watoto waliokwisha kuvuka mwezi wa kwanza.

Hilo la mwisho lilinganishe na hali yetu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 33 hufariki kabla ya kutimiza mwaka. Kati ya hao, 24 hufariki ndani ya siku 28 za mwanzo. Hao wanamhitaji zaidi mkunga mwenye ujuzi, joto la kifua cha mama na hospitali isiyo mbali. Tisa waliobaki huondoka baadaye, mwezi wa pili hadi wa kumi na mbili, na katika mazingira yetu ni kuhara, nimonia na malaria vinavyowanyemelea. Ni wakati ambao wageni wa uzazi wameshaondoka, mama ameshaanza kuchota maji mwenyewe, na mwajiri ameanza kupiga simu. Mtoto wako wa kwanza alilazwa katika dirisha hilohilo.

Sasa angalia inakuwaje siku zikitolewa bila hela. Marekani ilipitisha sheria ya likizo ya familia mwaka 1993, wiki 12 bila malipo. Mchumi Maya Rossin aliipima, akachapisha matokeo mwaka 2011. Watoto wa akina mama wenye ndoa na elimu ya chuo walinufaika, vifo vyao vilipungua kwa kiasi kikubwa. Kwa watoto wa akina mama wenye elimu ndogo na wasio na mwenza, nafuu haikuonekana. Wiki zilikuwa zilezile. Aliyekuwa na akiba aliweza kuzitumia, na asiyekuwa nayo alirudi kazini.

Wewe umeyaandika haya kwa mkono wako bila kusoma jarida lolote: mgahawani hawakukufukuza wala kukulazimisha, ila unga ulikwisha. Mwezi mmoja bila mshahara wa bosi wako ni safari ileile. Mume wako asipopata kazi ya zege wiki mbili mfululizo, hutaumaliza hata huo.

Twende kwenye kalenda ya ukutani, uiweke mbele yako. Chukulia umejifungua tarehe 14 Oktoba kama walivyokuambia. Sheria inakuruhusu kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, na wengi huanza hapo kwa sababu miguu imevimba na daladala za asubuhi zimejaa. Lakini siku 84 ni zilezile. Ukianza tarehe 16 Septemba zitakwisha tarehe 8 Desemba, mtoto ana wiki nane tu. Ukiwa na nguvu ya kwenda kazini mpaka karibu na siku yenyewe, likizo ikaanza tarehe 14 Oktoba, itakwisha tarehe 5 Januari na mtoto atakuwa ametimiza wiki 12. Sikuambii ujitese. Ikiwa presha imepanda au daktari amekuambia ulale, pumzika mapema, maana uhai wako ndio wa kwanza. Nakuambia tu ujue kwamba kila siku unayoila kabla ya kujifungua unaipunguza kwa mtoto baada ya kuzaliwa.

Na chanjo. Baada ya zile anazopata akizaliwa, mtoto anachomwa akiwa na wiki sita, wiki kumi na wiki 14. Kwa hesabu yetu ni tarehe 25 Novemba, tarehe 23 Desemba na tarehe 20 Januari. Umeiona hiyo ya tatu? Inaangukia wiki mbili baada ya likizo kwisha, wakati umerudi kaunta na unaona aibu kuomba ruhusa. Mtoto anaipata kwa kuchelewa, au haipati kabisa, na kinga aliyoanza kuijenga kwenye sindano mbili za kwanza inabaki nusu. Mtafiti Mohammad Hajizadeh na wenzake, wakitazama nchi 20 za kipato cha chini na cha kati, waliona kwamba likizo yenye malipo ikirefuka, watoto wanaokamilisha chanjo ya kifaduro, dondakoo na pepopunda huongezeka. Kwangu si jambo la kushangaza. Foleni ya kliniki inaanza asubuhi, na duka nalo linafunguliwa asubuhi.

Dawa ya hapo ipo. Mbali na siku 84, una haki ya likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo. Muombe bosi, mapema na kwa maandishi, uiunganishe na likizo ya uzazi. Akikubali utarudi kazini tarehe 3 Februari, mtoto ana wiki 16, sindano zote tatu ziko mwilini. Hapa ni kuomba kweli, kwa sababu mwajiri ana sauti katika kupanga lini uende likizo ya mwaka. Kwa siku 84 unamtaarifu tu.

Ikitokea mtoto akazaliwa kabla ya wakati, yaani njiti, ujue kwamba marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yameongeza muda wa mama huyo ili kufidia zile wiki ambazo mtoto alipaswa kuwa bado tumboni. Waliolipigania jambo hilo, Doris Mollel akiwa mmojawapo, walilisemea kwa miaka. Nakuombea usilihitaji.

Sasa swali lako la kadi ya kliniki, ambalo naona ndilo lililokufanya ushike kalamu.

Hukumkosea mwanao. Nakuambia hivyo nikiwa nimepita huko. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nikiwa karani kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilirudi baada ya wiki sita. Kufika saa nne asubuhi maziwa yalikuwa yanachuruzika, nikawa nakunja kipande cha khanga ndani ya blauzi, na juu navaa sweta hata jua likiwa kali. Saa sita ninajifungia chooni, ninayakamua kwenye sinki na kufungulia maji yaende. Nyumbani, wakati huohuo, mtoto wangu anapewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji ya kisimani. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba yale niliyokuwa nayamwaga yanaweza kukaa kwenye kikombe na kumfikia. Mwezi wa nne yakakauka. Nilijilaumu miaka mingi kwa jambo ambalo sikufundishwa na sikupewa nafasi ya kulifanya, na sitaki wewe upoteze hiyo miaka.

Ule utafiti wa 2022 ulikuta kwamba katika watoto wote nchini walio chini ya miezi sita, wanaonyonya maziwa ya mama peke yake ni asilimia 64. Waliobaki ni zaidi ya theluthi moja, na mama zao si wazembe. Wengi wako mashambani, sokoni, kwenye kaunta kama yako. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi sita ya maziwa ya mama pekee. Sheria yetu inatoa chini ya miezi mitatu. Pengo hilo hukuliweka wewe, ila wewe ndiye utakayelivuka, kwa hiyo tuseme namna ya kulivuka.

Sheria imeweka daraja dogo ambalo wengi hawalijui. Mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa muda wa kunyonyesha wakati wa saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Zuzu na mjini ni mbali kurudi mchana. Kwa hiyo kaa na bosi mpange: saa moja mchana, mtoto aletwe mjini na mtu mnayemwamini, akae kwa ndugu au jirani aliye karibu na duka, na saa nyingine uiweke jioni ili uondoke mapema. Ikiwa mtoto hawezi kuletwa kila siku, saa ya mchana itumie kukamua, kwa sababu titi lisilokamuliwa linaamini kazi imekwisha na linaacha kutengeneza.

Kukamua ni ufundi wa mkono, hauhitaji mashine. Anza kujifunza wiki mbili kabla ya kurudi kazini, asubuhi, mtoto akishanyonya. Nawa mikono kwa sabuni. Andaa kikombe cha bati chenye mfuniko, ulichokichemsha. Kanda titi taratibu kuelekea mbele. Weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, mwishoni mwa ile sehemu nyeusi, si kwenye chuchu yenyewe. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, halafu bana, halafu achia. Zungusha vidole pande zote. Dakika za mwanzo hutaona kitu, kisha matone, kisha yataruka kwa vijishipa. Siku ya kwanza utapata vijiko viwili na utakata tamaa. Siku ya kumi utashangaa.

Yakae wapi? Kwenye friji yanafika hadi siku nne. Nje ya friji, kwa joto la Dodoma, yasivuke muda wa saa nne. Yaliyobaki yamwagwe bila huruma. Kama mna jirani mwenye friji ya soda, zungumza naye sasa, kabla hujajifungua, mkubaliane sehemu ya kuweka kikombe chako kilichofunikwa. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo au kijiko, asipewe chupa ya chuchu, kwa maana ile kona ya ndani ya chuchu haioshwi ikatakata pale ambapo maji yenyewe ni ya kununua kwa dumu.

Hapo tunakutana na mama mkwe. Mwanangu, usishindane naye. Huyo ndiye atakayembeba mtoto wako kutwa nzima, na nia yake ni njema. Anaona jua la Novemba, anaona midomo ya mtoto, anasema huyu ana kiu. Mchukue uende naye kliniki ijayo, muuguzi amweleze mbele yako kwamba maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, kiasi cha asilimia 88, na mtoto anayenyonya mara kwa mara hahitaji tone jingine kabla ya miezi sita hata kwa joto la kwetu. Maneno ya muuguzi hayatamvunjia heshima kama yatakavyomvunjia yako.

Na kuhusu uji wa lishe, mweleze jambo ambalo mkoa wetu unalijua kwa uchungu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yale yalikuwa ya kulimwa nyumbani, si ya dukani. Sumu hiyo inapenda mahindi na karanga, vitu vilevile tunavyochanganya kwenye unga wa lishe tukiamini ndivyo vinampa mtoto nguvu. Haionekani ikishasagwa wala haiondoki kwa kuchemsha. Mtoto wa miezi miwili anayepewa uji huo anaupokea kwenye ini dogo lisilo na uwezo wa kuubeba. Akitimiza miezi sita, tarehe 14 Aprili, bibi atapata nafasi yake, tena kubwa: uji mzito wa uwele au mtama, nafaka na karanga zikiwa zimechaguliwa punje kwa punje, zilizovunda zimetupwa, na yai, na mboga. Mpe kazi hiyo rasmi. Bibi aliyepewa tarehe anangoja kwa furaha kuliko bibi aliyekatazwa.

Nimebakiza hofu ya mumeo. Ana haki ya kuogopa. Sh250,000 zinazofika kila mwezi katika nyumba ambayo kipato kingine hakina uhakika ni nguzo. Simwiti mwoga. Ila muombe apige hesabu pamoja nawe. Siku 84 za mshahara wako ni karibu Sh700,000. Mlipomlaza mtoto wa kwanza mlitumia kiasi gani, nauli, dawa, siku ambazo wote wawili hamkufanya kazi? Kunyamaza nako kuna bei, na mlishailipa mara moja.

Nenda kwa bosi kwa adabu, asubuhi kabla wateja hawajajaa, si mbele ya wafanyakazi wenzako. Mwambie, "Bosi, nimekuja na barua yangu ya uzazi, naomba unisainie nakala." Barua iwe fupi: jina lako na kazi yako, kwamba unatarajia kujifungua tarehe 14 Oktoba kama cheti kilichoambatishwa kinavyoonyesha, kwamba utaanza likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo kwa mujibu wa kifungu cha 33, kwamba unaomba kuunganisha likizo yako ya mwaka ya siku 28, na kwamba utarudi kazini tarehe fulani. Usiandike lawama, wala usitaje mahakama. Andika nakala mbili, asaini zote kwa tarehe, moja ubaki nayo. Akikataa kusaini, ipige picha umtumie kwenye simu siku hiyohiyo, na meseji hiyo usiifute.

Mweleze pia, bila kumtisha, kwamba kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni miongoni mwa sababu ambazo sheria inasema wazi si halali. Huenda hajui. Wafanyabiashara wengi wadogo hawajui, waliikuta desturi ya "nenda ukajifungue, ukirudi tutaona" wakaifuata. Akibaki na msimamo wake, nenda ofisi ya kazi ya mkoa ukamwone afisa kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Dodoma. Huhitaji wakili kufungua shauri, unajaza fomu. Muda ni mfupi na watu wengi wamepoteza haki kwa kutoujua: ukiachishwa kazi una siku 30 za kulalamika, na kwa madai mengine siku 60.

Nina huruma na bosi wako pia, na nasema kwa dhati. Mwenye duka lenye wafanyakazi wawili akimlipa mmoja aliye nyumbani na kumlipa aliyemshikia nafasi, anaumia. Ndiyo maana duniani wanaolitafakari jambo hili, Shirika la Kazi Duniani likiwemo, wanasema gharama hii ibebwe na mfuko wa pamoja badala ya kumwachia mwajiri mmoja mmoja. Mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, NSSF, unalo fao la uzazi kwa mwanachama aliyechangia vya kutosha. Nenda uulize kama bosi amekuandikisha. Kama hajafanya hivyo, hilo nalo ni wajibu wake, na mtoto wa tatu, Mungu akipenda, asikukute nje ya mfuko.

Nawafikiria na majirani zako wa Zuzu wanaosoma ukurasa huu wakijiuliza, na sisi je? Anayepalilia zabibu kwa kibarua, anayekaanga maandazi barabarani, anayelima uwele wake. Hao hakuna barua wanayoweza kumwandikia mtu. Mtoto wa kibarua ana matumbo yaleyale na wiki 14 zilezile, na tukizungumzia likizo ya uzazi bila yeye tunazungumzia wachache. Siwezi kumaliza jambo hilo katika barua yako, ila sitaliacha. Wabunge wanakaa kilomita chache kutoka mlangoni kwenu, na mimi nitaendelea kuwaandikia.

Wewe, Jumatatu nenda zahanati na kadi yako, umwombe mganga akuandikie cheti chenye tarehe ya kutarajia kujifungua, kimepigwa muhuri. Mama mkwe awe pamoja nawe. Jumanne peleka barua dukani. Kisha niandikie bosi alivyojibu, nasubiri.

Shangazi yako